Saa nne za maswali: tathmini ya kumbukumbu inamfaa nani?

Kusahau ulipoweka funguo hakumtishi mtu. Kinachotisha ni mwenzako kukwambia, kwa upole, kwamba swali hilo umeshaliuliza mara mbili tangu asubuhi. Hapo ndipo watu wazima wengi, wengine hata miaka 60 hawajafika, huanza kusikia habari za tathmini ya nyurosaikolojia: kikao cha saa tatu, nne, hata sita na mtaalamu, chenye maswali, michoro, orodha za maneno na mafumbo, ili ijulikane kama kumbukumbu na uwezo wa kufikiri vimepungua, na vimepungua wapi. Wako wanaosema nenda mapema. Wako wanaosema ni kujitafutia hofu. Kila upande una hoja, ila hazina uzito sawa.

Kwanza tusichanganye vitu. Tathmini hii si ile karatasi ya dakika kumi anayokupa daktari. Karatasi hizo zilizo mashuhuri ni mbili, MMSE ya mwaka 1975 na MoCA ya mwaka 2005, zote za alama 30, na kazi yake ni kuchuja tu: huyu aangaliwe zaidi, huyu aende nyumbani. Msomi anaweza kupata 28 huku kazini mambo yameshamwendea kombo.

Nguvu ya kikao kirefu inaonekana ukiangalia jaribio moja kwa karibu. Mtahini anasoma maneno 15 ya kawaida, moja kila sekunde. Unataja unayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote. Anasoma tena orodha ileile, mpaka mara tano. Kisha anakupa orodha nyingine ya kukuvuruga, mnafanya mambo mengine, na baada ya nusu saa hivi anauliza: yale maneno ya mwanzo ni yapi? Tuseme wamepimwa watu wawili, na kila mmoja ametaja manne tu. Kwa alama wako sawa. Lakini mtahini anaposoma orodha ndefu iliyochanganywa maneno ya kweli na ya kupachika, wa kwanza anayatambua karibu yote. Maneno yaliingia, yamekwama wakati wa kutoka. Wa pili hayatambui, tena anaitikia “ndiyo” kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasoma. Hayakuhifadhiwa kabisa.

Wa kwanza huenda ana sonona, au pumzi humkatika usingizini, au anameza dawa za usingizi zinazomchosha akili. Wa pili anamfanya mtaalamu aitazame hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo ugonjwa wa Alzheimer huishambulia mapema. Umuhimu wa sehemu hiyo ulijulikana vizuri kupitia Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Akili yake ilibaki, lakini matukio mapya hayakumkaa tena. Aliyeionyesha dunia hali hiyo ni mwanasaikolojia Brenda Milner, kwa majaribio ya mezani.

Wengine wanauliza: enzi hizi za vipimo vya damu, karatasi na penseli za nini? Ni kweli, Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua mabaki ya protini ya amiloidi yanayoambatana na Alzheimer. Lakini kuna watu wenye amiloidi ubongoni wanaoishi bila shida yoyote ya akili. Damu inasema kilichomo. Haisemi kama bado unaweza kusimamia hesabu za ofisi au kuendesha gari usiku.

Sasa upande wa pili. Wanaohimiza kupimwa mapema hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali nzuri, ila inamfaa zaidi mwenye maradhi yanayotibika. Dawa mpya kama lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya Alzheimer kwa walio katika hatua za mwanzo. Haiurudishi ubongo ulikotoka, na inaweza kusababisha uvimbe au damu kuvujia ubongoni. Halafu kuna hali iitwayo upungufu mdogo wa utambuzi, iliyo katikati ya uzee wa kawaida na dimenshia, yaani akili kupungua mpaka mtu ashindwe kujitegemea. Baadhi ya wanaoambiwa wanayo hupimwa tena baadaye wakakutwa wako sawa, ila kwa muda wote huo waliishi na hofu, na pengine bosi alishaanza kuwatazama kwa jicho jingine.

Kuna na hesabu ambayo wapimwaji wachache huelezwa. Kikao kirefu kinaweza kutoa alama 20 tofauti. Kama kila moja ingekuwa na nafasi ya asilimia 5 tu ya kuangukia eneo la “chini” kwa mtu mzima wa afya, na kama zisingehusiana, uwezekano wa mtu huyo kuwa na angalau alama moja mbaya ungekuwa kama asilimia 64. Alama zinahusiana, kwa hiyo kiwango halisi ni cha chini ya hapo, lakini funzo halibadiliki: alama moja mbaya peke yake si ugonjwa. Mtaalamu mzuri hutafuta mpangilio. Mtaalamu mvivu huandika ripoti.

Hoja inayonisumbua kuliko zote ni ya kulinganishwa. Alama yako haina maana mpaka iwekwe kando ya alama za watu wa umri wako na elimu yako, na mara nyingi watu hao walipimwa kwa lugha nyingine. Chukua jaribio la kuchora uso wa saa. Maelekezo yake ya Kiingereza husema “ten past eleven”, yaani mshale mfupi uelekee 11 na mrefu uelekee 2. Muda huo haukuchaguliwa ovyo: neno “kumi” la dakika linamvuta mgonjwa aupeleke mshale kwenye namba 10. Sasa tafsiri neno kwa neno: “saa kumi na moja na dakika kumi.” Mswahili mwenye akili timamu ataupeleka mshale mfupi kwenye 5, maana ndivyo tunavyosoma saa, na anayesahihisha kwa kufuata majibu ya kitabuni atamkata alama. Rekebisha iwe “saa tano na dakika kumi”, na jaribio limekuwa jingine: sasa hata mzima lazima ageuze tano kuwa 11 kabla hajagusa penseli.

Au jaribio la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja. Akipewa M, ngeli zenyewe zinamlisha: mtu, mti, mlango, mkono, mganga. Ataonekana hodari kuliko alivyo. Akiambiwa arudie tarakimu, mambo yanageuka, kwa sababu moja, tatu, sita na saba zina silabi mbili kila moja, wakati tarakimu za Kiingereza za moja hadi tisa, ukiacha saba, ni silabi moja moja.

Na mizani ikikosewa, watu huumia. Katika fidia za wachezaji wastaafu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walioumia ubongo, alama za wachezaji weusi zilirekebishwa kwa kudhani kwamba tangu mwanzo uwezo wao ulikuwa chini, hivyo ikawa vigumu kwao kuthibitisha kwamba wameporomoka. Makubaliano ya kuuacha utaratibu huo yalifikiwa mwaka 2021.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema tuachane nayo. Wengi wao hutumia kauli ya jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga, lililosema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataza uchujaji kwa wazee. Kauli hiyo inahusu wasio na dalili. Anayeuliza swali moja mara tatu ana dalili tayari.

Kwa maoni yangu, kikao hiki kisiwe mlango wa kwanza. Kianze kipimo cha damu cha vitamini B12 na tezi ya shingo, orodha ya dawa unazomeza ipitiwe, na masikio yaangaliwe, maana maneno 15 usiyoyasikia vizuri huwezi kuyakumbuka. Kama tatizo bado lipo, nenda, na uende na miwani yako na mtu unayeishi naye. Kabla penseli haijashikwa, uliza: mtanilinganisha na nani? Jibu likiwa la kubabaisha, matokeo yasitumike kutoa hukumu siku hiyo. Yawekwe, urudie baada ya mwaka mmoja hivi, ili kuyazoea maswali kusikupandishe alama, na ulinganishwe na mtu pekee aliyesoma shule zako na kusema lugha yako: wewe wa mwaka uliopita.