Bibi Anatoa Moshi

Kabla sijalaumiwa tena kwenye vikao vya familia, naomba jambo moja liwekwe kwenye kumbukumbu: aliyeweka betri ya Volkswagen Beetle chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, ni Mjerumani. Mimi wakati huo sijazaliwa. Magari ya wenzetu betri inakaa mbele pamoja na injini, mambo yanaisha. Hili injini iko nyuma, tangi la mafuta liko mbele chini ya boneti, halafu betri wakaificha katikati, mahali ambapo binadamu anaweka, tuseme, uzito wake. Na siku ya tukio uzito uliokuwa hapo ni wa mama mkwe wangu.

Gari ni la mwaka 1970, toleo la 1300, tumeachiwa na marehemu baba mdogo. Lilikaa chini ya mwembe hapa kwetu Chumbageni, Tanga, hadi kuku wakalizoea. Beetle zilizotengenezwa duniani zinapita milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, na kwa jinsi wazee wa mtaa walivyomiminika kunishauri, nadhani zote zilipitia Tanga. Mmoja wao, jirani yangu, alikuwa haji bila hotuba: "Hii ndiyo ilichukua Safari Rally mwaka 1962. Na 1957 ilichukua." Akishamaliza anaomba kiti, kahawa inatoka ndani kwangu, anakaa mpaka adhuhuri.

Kwa nini nililitengenezea nyumbani? Fundi wa gereji alinitajia bei, nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaanza na chini, maana bushi zilikuwa zimekwisha na shokapu zilibaki jina tu. Sasa, Beetle hii haina springi za duara zile unazozijua. Nyuma kuna vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vimelala ndani ya bomba linalokatiza chini ya gari. Gari likiingia shimoni chuma kinajisokota, likitoka kinajisokotoa, ndiyo springi yenyewe hiyo. Kila chuma kina meno kwenye ncha zote mbili: ya ndani 40, ya nje 44. Ukisogeza jino moja la ndani, bamba linaloshika ekseli linageuka nyuzi 9. Ukisogeza moja la nje, linageuka nyuzi 8 na ushee. Kwa hiyo ukipeleka la ndani mbele na la nje nyuma, unabaki na tofauti ndogo isiyofika hata nyuzi moja, na kwa mchezo huo unapandisha au kushusha gari upande mmoja kwa kiasi unachotaka. Hapo lazima nimpe Mjerumani haki yake, alifikiri sana. Ila alifikiri pia kwamba atakayefungua atakuwa Mjerumani mwenzake.

Nilichukua tahadhari zote. Kabla sijagusa spana nilichora alama kwa chaki, kwenye bamba na kwenye bodi, kushoto na kulia, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Nikaenda mjini kutafuta bushi. Niliporudi nikamkuta mpwa wangu, yuko darasa la tano, amejilaza chini ya gari na brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, chuma kinang'aa ungedhani kimetoka dukani.

"Anko, kulikuwa na uchafu mweupe," akasema. "Nimeutoa wote."

Mtoto amefanya kazi kwa moyo wote, utamwambia nini? Nikampa hela ya aiskrimu, tukaendelea kwa kukisia.

Lile bamba nalo lina nguvu iliyofungiwa ndani yake. Ukilichokonoa kwa mtaimbo likavuka kizuizi chake cha chini, linaruka kwa mlio unaosikika mpaka kwa jirani, na kwa bahati mbaya jirani mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo na kahawa yake, yuko mwaka 1957. Kikombe kilikwenda kivyake, mzee kivyake. Tangu siku hiyo anatoa ushauri akiwa barabarani.

Tulipolishusha gari kwenye jeki, kushoto lilikuwa juu, kulia chini, limesimama kama mtu aliyebana simu kwa bega. Akapita kijana wa gereji bubu ya pale kona, akalizunguka, akasema, "Hilo litajikalia lenyewe likishatembea." Sentensi hiyo imefilisisha watu wengi nchi hii, lakini siku hiyo ilinifaa, maana mikono ilikuwa inaniuma.

Ndani nilikufurahia zaidi. Viti vya hizi Beetle za zamani havina sponji. Kuna fremu ya chuma, springi za waya, halafu juu yake mto wa usumba na nywele za wanyama uliogandishwa kwa utomvu wa mpira. Mimi mtoto wa pwani, nimekulia kwenye godoro la usumba, kukuta Mjerumani ametandaza makumbi ya nazi ndani ya gari lake niliona tumeheshimiwa. Nikaapa usumba ule hautoki. Ulikuwa mkavu kiasi cha kupukutika ukiupulizia, una zaidi ya miaka hamsini, lakini ulikuwa halali yake gari. Tukabadilisha kava tu. Fundi cherehani akashona plastiki nyekundu ya kung'aa, akaongeza na maua pembeni ambayo hakuna aliyemwagiza, akanidai na hela ya maua.

Chini ya kiti, juu ya betri, nilikuta kipande cha mpira wa tairi kilichochakaa, kimejaa vumbi na yai moja la kuku. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuokota vitu. Nikakitupa. Betri yenyewe ilishakufa, nikanunua nyingine, ya pikapu, imezidi kidogo kwenda juu. Muuzaji alinihakikishia itaingia na kweli iliingia, kiti kikafunika vizuri kabisa. Kati ya teminali na springi za kiti palibaki nafasi ya kupitisha kidole. Nilipitisha changu.

Basi ikaja harusi Muheza. Mama mkwe ni mtu wa adabu za zamani, hawezi kukaa kiti cha mbele bega kwa bega na mkwewe, akaandaliwa kiti cha nyuma na mpwa wangu. Mbele akakaa mke wangu na hotpoti ya pilau mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Mbona limeinama?"

"Linajikalia, mama."

Alikaa kushoto. Lakini plastiki mpya inateleza, gari limeinamia kulia, na mama ni mtu mwenye mwili wake, Mungu kamjalia. Kila shimo likimrusha anashukia kulia zaidi, mpaka tunatoka mjini ameshafika pembeni kabisa nyuma yangu, mtoto kabaki peke yake huko juu kashikilia dirisha.

Tukavuka matuta ya Pongwe.

"Baba, gari hili lina joto."

"Ni injini, mama, hizi zinakaa nyuma," nikasema, na kwa kuwa napenda mada hiyo nikaendelea: injini inapozwa kwa upepo, haina rejeta, haina maji, ndiyo maana ilimudu majangwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Joto lenyewe liko mahali."

"Mahali gani, mama?"

Kimya. "Mahali tu."

"Mama anasema mahali," mke wangu akanitafsiria, akiniangalia kwa jicho ambalo waliooa wanalijua.

Ndipo mtoto, ambaye hakulelewa kwenye mambo ya ukwe, akasema kwa sauti ya kutoa taarifa: "Anko, bibi anatoa moshi."

Kuna viungo ambavyo mkwe havitaji. Nilipekua Kiswahili chote ninachokijua kutafuta jina la heshima la sehemu inayoungua, moshi unapanda, jina halipatikani. Nikaishia kusema, "Mama, naomba usogee kushoto." Akanijibu kwa utulivu mkubwa kwamba amekuwa akisogea kushoto tangu Tanga, gari ndilo linalomrudisha.

Nikasimama. Beetle ina milango miwili tu, wa nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Egemeo la kiti changu likagoma, fundi alilishonea kava nene mno. Ikabidi mama apitie upande wa mke wangu, na mke wangu hawezi kushuka na kukunja kiti huku kabeba pilau, na pilau ya watu haiwekwi chini kwenye vumbi. Akaiweka juu ya paa. Paa la Beetle ni la mviringo, gari limeinamia kulia. Hotpoti ikaja kwangu. Kwa hiyo wakati mama mkwe wangu anaungua, mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara nimekumbatia pilau.

Bodaboda walishafika. "Mwagieni maji kwenye rejeta!" mmoja akapiga kelele, akakimbilia mbele kufungua boneti. Akakuta tairi la akiba na tangi la petroli. "Oyaa, injini hamna! Hawa wameibiwa!" Wakaanza kujadili imeibiwa wapi, wengine wakasema kwenye foleni ya mataa, inawezekana.

Mama alitoka kwa hadhi yake yote. Kanga ya nyuma ilikuwa na tundu lenye kingo nyeusi, ile ya ndani ilisalimika, na gauni chini yake halikuguswa kabisa. Nayasema haya kwa sababu Muheza yalisemwa mengine. Nikakichomoa kiti nikakitupa majanini. Springi moja, iliyogusa teminali ya betri, ilikuwa nyekundu, usumba unafuka, ukipata upepo unawaka upya.

Aliyetuokoa ni muuza madafu, mwenye baiskeli yake pale pale.

"Mwaga!" nikamwambia.

Akachukua dafu, panga likabaki juu. "La maji au la kukomba?"

"Lolote!"

"Nani analipa?"

"Mimi! Kata!"

Alikata kwa utaratibu wake, moja baada ya jingine, kila moja analichonga vizuri juu kama desturi inavyotaka, anamimina, anauweka ufuu upande mmoja ili hesabu isipotee. Makumbi yakazimwa kwa maji ya nazi, na bei ilikuwa ya barabara kuu, si ya mtaani. Mpwa wangu akaomba na yeye moja la kunywa. Akapewa la kukomba.

Nikafungua teminali ya betri, gari tukalisukuma hadi kwenye kivuli na kumwachia muuza madafu alilinde, huduma ambayo nayo niliilipia. Tukapanda Kosta inayokwenda Muheza. Abiria wakampisha mama, kijana mmoja akasimama, akamfutia siti kwa kitambaa chake.

Mama hakukaa.

"Kaa basi mama, tunaondoka," kondakta akasema.

Mama mkwe akaweka mkono kwenye egemeo, akainama taratibu, akachungulia chini ya siti, akainuka na kumuuliza kondakta betri iko wapi.