Moshi wa dawa hauui mayai ya mbu
Mwandishi wa makala hii kuhusu dengue, homa inayoenezwa na mbu, anasema mlipuko wake utazimwa iwapo magari ya kupuliza moshi wa dawa yataongezwa kila mvua zinapozidi. Hapo sikubaliani naye. Moshi ule huua mbu wanaoruka saa ile tu; viluwiluwi majini hawaguswi, na Aedes aegypti, mbu mwenyewe anayeeneza dengue, hupenda kujificha ndani ya nyumba, nyuma ya makabati na kwenye nguo zilizotundikwa. Mayai yake hukaa makavu ubavuni mwa ndoo kwa miezi, yakisubiri maji. Tena si mvua peke yake: ukame nao unamfaa, maana mabomba yakikauka watu huweka maji kwenye mapipa yasiyo na mifuniko. Joto likipanda, virusi hukomaa upesi zaidi ndani ya mbu. Kule Yogyakarta, Indonesia, waliachia mbu wenye bakteria wa Wolbachia, wanaozuia virusi vya dengue kuzaliana ndani ya mbu, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yakaonyesha dengue imepungua kwa asilimia 77. Mbona makala haikugusa hilo? Nyinyi mliowahi kupuliziwa moshi, mbu walirudi baada ya siku ngapi?