"Anategea Huyo": Afande, Muuguzi na Mlango wa Zahanati

Muuguzi wa gereza akimwomba afande asogee kidogo ili azungumze na mfungwa, huonekana amelainika. Na afande anayesema "anategea huyo", yaani anajifanya mgonjwa, hajakosea kabisa. Kutegea kupo: mgongo huuma siku ya kwenda shamba, diazepam, dawa ya kutuliza, huombwa ikauzwe selo, na rufaa ya hospitali ya Mawenzi au Mount Meru hutafutwa ili mtu aonane na ndugu zake. Mkasi kwenye trei nao ni silaha.

Ndiyo maana hakuna anayetaka afande aondoke. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinataka uchunguzi uwe wa siri. Kwa vitendo, afande aone, asisikie. Mlango wazi, yeye ng'ambo ya korido.

Anayedhani siri hii ni mapambo amfikirie mnywaji gongo wa kila siku aliyeingizwa mahabusu Ijumaa jioni. Jumamosi, mwili ukiwa umekosa pombe ghafla, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, mapigo ya moyo yamepita 100 kwa dakika. Degedege mara nyingi huja ndani ya saa 48 tangu anywe mara ya mwisho. Siku ya pili hadi ya nne anaongea na watu wasiokuwepo na kugonga mlango usiku kucha. Afande ataona fujo. Muuguzi mwenye haraka atapima malaria, ikiwa hasi amrudishe selo, na huko anaweza kufa.

Swali la kumwokoa ni jepesi: "Kaka, mara ya mwisho ulikunywa lini, na kwa siku kiasi gani?" Nani atalijibu mbele ya afande, wakati gongo yenyewe ni kosa? (Huku Moshi atakutajia mbege, isiyo na kesi. Uliza tena.) Muuguzi mwenyewe mara nyingi ni askari, kwa hiyo aseme kwanza kwamba jibu haliingii kwenye faili la kesi.

Na dawa yake? Diazepam ileile inayoogopwa kuuzwa selo, anywe mbele ya muuguzi. Sukari ipimwe, na thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi.

Simu kwa daktari isiwe "kuna mahabusu anasumbua". Iwe: "Mnywaji wa kila siku, hajanywa tangu jana jioni, mapigo 124, anatetemeka, malaria hasi, naomba maelekezo ya diazepam."

Anayetegea naye apimwe hivyohivyo. Pumzi zihesabiwe dakika nzima huku umeshika mkono kama unapima mapigo, maana akijua anahesabiwa hubadilisha. Atoe ulimi: mtetemo wa ulimi ni mgumu kuuigiza. Mapigo 76, ulimi umetulia? Andika saa, sahihi, arudi shambani.