Mbwa wa aina gani? Swali linaloulizwa mapema mno

Mtoto akijeruhiwa na mbwa, swali la kwanza ni lile lile: alikuwa mbwa wa aina gani? Akitajwa Pitbull au Rottweiler, mjadala umekwisha. Akitajwa Labrador, mbwa anayesifiwa kwa upole, watu wanashangaa, wanaita ajali, na hakuna anayeuliza zaidi. Upande mmoja wa mjadala huu husikilizwa nusunusu: ule wa madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa wanaosema kwamba aina peke yake haitoshi kumlinda mtoto, wala haitoshi kumhukumu mbwa. Hoja yao huchukuliwa kama utetezi wa watu wanaowapenda mbwa kuliko watoto. Sivyo kabisa.

Nianze na wenye hofu, maana hofu yao ina msingi. Uchunguzi wa vifo 238 vilivyotokana na mbwa nchini Marekani kati ya mwaka 1979 na 1998 ulikuta Rottweiler na mbwa wa jamii ya Pitbull wakihusika katika zaidi ya nusu. Halafu kuna suala la mwili. Rottweiler dume hufikia kilo 50. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi, na uso wake uko kimo kimoja na mdomo wa mbwa. Chihuahua, yule mbwa mdogo kabisa, akimuuma, kuna jeraha na kilio. Mbwa mkubwa mwenye taya pana akimuuma na asimwachie, habari ni nyingine. Uingereza ilipiga marufuku aina nne za mbwa kwa sheria ya mwaka 1991, na XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli, akaongezwa mwishoni mwa 2023. Mzazi anayesema hawezi kubahatisha na mwanawe simwiti mjinga, na kuhusu ukubwa wa madhara nakubaliana naye moja kwa moja.

Lakini wale wale waliohesabu vifo hivyo 238 walionya kwamba hesabu yao isigeuzwe kipimo cha hatari ya kila aina, kwa sababu hakuna aliyejua kuna mbwa wangapi wa kila aina nchini. Onyo hilo halikusafiri mbali kama tarakimu zenyewe.

Na jina la aina linatoka wapi? Mara nyingi kwa kutazama tu. Katika utafiti wa makao ya mbwa wasio na wenyewe huko Florida, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, wafanyakazi wazoefu waliwatazama mbwa 120, na 62 kati yao waliitwa Pitbull au chotara wa Pitbull na angalau mfanyakazi mmoja. Vipimo vya vinasaba (DNA) vilikuta damu ya Pitbull katika 25 tu kati ya mbwa wote 120. Kama watu wa kazi hiyo wanakosea hivyo mchana kweupe, itakuwaje kwa shahidi aliyemwona mbwa kwa sekunde chache huku mtoto akipiga mayowe?

Hata jina likiwa sahihi, halisemi mengi kuhusu mbwa aliye mbele yako. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2022, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Na mwaka 2008, wenye mbwa walipoulizwa kuhusu ukali dhidi ya watu, walioongoza walikuwa Dachshund, Chihuahua na Jack Russell, mbwa wadogo ambao familia nyingi huwaweka sebuleni bila wasiwasi wowote.

Tarakimu ninayoirudia kila mara, hata hivyo, ni nyingine. Watafiti wa Marekani walipitia vifo 256 vya miaka 2000 hadi 2009, na badala ya kuishia kwenye jina la aina wakachunguza mazingira ya kila tukio. Katika asilimia 87, hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 84 mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 76 alikuwa mbwa aliyewekwa mbali na maisha ya watu: wa mnyororo, wa nyuma ya uzio, asiye na mazoea ya kila siku na wanafamilia. Sababu nne au zaidi za namna hii zilikutana katika asilimia 80 ya vifo. Aina ya mbwa iliweza kuthibitishwa katika chini ya asilimia 18 tu.

Mpinzani atasema nyumba nyingi zina mbwa wasiohasiwa na watoto wanaoachwa peke yao nao, na hakuna kinachotokea. Bila kulinganisha na nyumba hizo, asilimia hizi hazitoi kipimo cha hatari. Ni kweli, na ni kasoro ile ile ya kuhesabu vifo kwa aina. Hata hivyo nabaki kwenye hiyo asilimia 87, ya kukosekana kwa mtu wa kuingilia kati, kwa sababu ni jambo ambalo mtu mzima analimudu leo hii, mbwa awe wa aina yoyote. Tena kuwepo si kukaa chumba kimoja. Aliyeinamia simu kwenye kochi hayupo.

Anachokosa kukiona ni hiki. Mbwa yuko kwenye bakuli lake la chakula, mtoto anayetambaa anamsogelea. Mbwa anaacha kutafuna. Kichwa kinashuka juu ya bakuli, shingo inakakamaa, weupe wa jicho unaonekana pembeni kwa sababu anamtazama mtoto bila kugeuza kichwa. Analamba pua ingawa hajala kitu wakati huo. Mtoto akiendelea, mbwa atanguruma, na mtoto akinyoosha mkono, atauma. Yote yanaweza kupita katika sekunde chache, na ni yale yale kwa Golden Retriever, anayesifiwa kwa upole, na kwa Pitbull. Uchunguzi wa mwaka 2007 wa mbwa waliowauma watoto ulikuta kwamba mtoto aliyezoeana na mbwa aling'atwa zaidi pale mbwa alipokuwa akilinda chakula au kitu chake. Wengi wa mbwa hao hawakuwa wamewahi kumuuma mtoto kabla ya siku hiyo, na nusu hivi walikutwa na maradhi au walishukiwa kuwa nayo, yakiwemo yanayoleta maumivu. Mtoto mwenyewe hawezi kusoma dalili hizo. Wadogo wengi hudhani mbwa anayetoa meno anacheka.

Hapa ndipo sifa ya "mbwa mzuri kwa watoto" inaponitia hofu kuliko sifa mbaya ya Rottweiler. Mwenye Rottweiler huwa macho. Mwenye Labrador wa kilo 30 ameambiwa amenunua usalama, basi anamwacha mtoto amlalie mbwa, amvute masikio, amfuate hadi kwenye tandiko lake, na mbwa akinguruma anachapwa kwa kuwa aina yake "haina tabia hiyo". Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma. Maumivu au hofu yake haijaondoka, na siku ya pili anaweza kuuma bila kutoa onyo.

Kwa hiyo kwa familia yenye mtoto chini ya miaka mitano, ushauri wangu ni mbwa mtu mzima ambaye tabia yake mbele ya watoto imeshaonekana, si mtoto wa mbwa aliyechaguliwa kwa jina la aina yake. Kama nyumba haina nafasi ya kuwatenganisha wakati wa kula na kulala, au mtu mzima hawezi kumzuia mbwa mwenye nguvu, basi mbwa mkubwa asubiri, na hilo linamhusu Labrador pia. Kuhusu sheria, Uholanzi iliamua mwaka 2008 kuiondoa marufuku yake ya Pitbull baada ya miaka kumi na mitano, kwa kuwa haikuonekana kupunguza watu kuumwa. Ninachotaka kwanza ni kila tukio liandikwe pamoja na mazingira yake: mtu mzima alikuwa wapi, palikuwa na chakula, mbwa alikuwa mgonjwa, alishawahi kunguruma na alifanywa nini aliponguruma.