Seva ndogo: memori imejaa au imepungua?

Tuchukue seva ndogo ya kawaida: memori ya gigabaiti 1, Nginx mlangoni ikipokea maombi ya wageni, PHP-FPM nyuma yake ikitengeneza kurasa za tovuti, na hifadhidata ya MariaDB humo humo. Tovuti inaanza kusuasua. Mwenye seva anaingia, anaandika free -h, amri inayoonyesha hali ya memori, na chini ya safu ya "free" anakuta megabaiti 61. Roho inamruka. Jioni hiyo hiyo anajipandisha hadi gigabaiti 2.

Huenda kapatia. Ila kapatia kwa bahati, kwa sababu namba aliyoitazama haikuwa na habari aliyokuwa akiitafuta: je, aongeze memori, au arekebishe mipangilio kwanza?

Linux haipendi memori ikae bure. Faili likisomwa kutoka kwenye diski, kerneli, yaani kiini cha mfumo, hubaki na nakala yake kwenye memori ili atakayelihitaji tena asingoje diski. Nakala hizo ndizo kache, na kache ni mpangaji asiye na mkataba: programu ikitaka nafasi, anahamishwa. Ndiyo maana seva iliyofanya kazi wiki mbili mfululizo huonekana imejaa hata kama haina shida yoyote. Safu ya kusoma ni "available", inayokadiria memori ambayo programu zingeweza kupata bila kusukumia kitu kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayosaidia memori ikibanwa. Kadirio hilo limo kwenye kerneli tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, na hadi leo macho ya wengi yanaishia kwenye safu ya "free". Mwenzetu wa megabaiti 61 angeweza kukuta 390 pembeni.

Wapinzani wa kuongeza memori hupenda kuishia hapo: "Ni kache tu hiyo, kalale." Mimi siishii hapo. Kache hiyo ndiyo inayofanya diski ipumzike, na ikibanwa sana kerneli huanza kutupa hata kurasa (vipande vidogo vya memori) za msimbo wa programu zinazoendelea kufanya kazi, kisha kuzisoma upya muda mfupi baadaye. Kwa hiyo "available" ikiwa kubwa inatuliza moyo kwa haki, lakini ikishuka hadi megabaiti makumi kadhaa na kubaki huko saa za msongamano, kusema "ni kache tu" ni ukaidi.

Swapu nayo inasomwa vibaya na pande zote mbili. Kuona megabaiti 200 zimekaa kwenye swapu hakuthibitishi lolote. Mara nyingi ni kurasa zilizosukumwa huko wakati wa kazi nzito ya usiku na hakuna aliyezihitaji tena. Kinachouma ni mwendo, yaani kurasa zinazotoka na kurudi bila kukoma. Andika vmstat 1, amri inayotoa mstari mpya kila sekunde, uruke mstari wa kwanza (huo ni wastani tangu seva iwashwe, na umewapotosha wengi), kisha ufuatilie safu za si (zinazorudi kutoka kwenye swapu) na so (zinazokwenda huko). Zikibaki sifuri au zikiruka mara mojamoja, sawa. Zikiwa na namba kila sekunde huku watumiaji wakingoja, memori haitoshi. Tatizo ni kwamba seva nyingi ndogo za kukodi huja bila swapu kabisa, na humo si na so zitasoma sifuri hata seva ikiwa hoi. Kwa seva hizo naamini zaidi faili la /proc/pressure/memory, lililoingia kwenye kerneli ya 4.20 mwaka 2018. Linaeleza ni asilimia ngapi ya muda michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, ilikwama ikisubiri memori. Si kila mfumo umeliwasha, lakini likiwepo linajibu swali lenyewe badala ya dalili zake.

Ushahidi mzito kuliko wote uko kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: mstari unaoanza na "Out of memory: Killed process". Hapo kerneli imekosa pa kutoa ikaamua kuua mchakato. Lakini hata hapa taratibu kidogo. Kerneli huchagua hasa kwa ukubwa, na mkubwa kwenye seva za aina hii mara nyingi ni hifadhidata. MariaDB inakufa, tovuti inatoa kosa la kushindwa kuunganishwa, lawama zote zinamwendea marehemu. Kumbe aliyekula memori ni PHP.

Hesabu ya PHP ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. PHP-FPM huhudumia maombi kwa michakato kadhaa, tuiite vibarua, na idadi yao ya juu huwekwa kwenye pm.max_children. Tuseme kibarua mmoja anakula megabaiti 50 za peke yake, na mtu fulani, kwa ukarimu, ameandika 20. Hiyo ni ahadi ya megabaiti 1,000 kwenye seva ambayo haina hata hizo baada ya hifadhidata kuchukua chake. Siku za kawaida vibarua wanne ndio walio kazini na hakuna anayejua. Siku roboti wa kutambaa mtandaoni anapopita kwa pupa, wote 20 wanaamka, na mtu anauawa. (Ukipima ukubwa wa kibarua, tumia Pss iliyo kwenye faili la smaps_rollup la kila mchakato, inayogawanya memori ya pamoja kwa wanaoitumia, si RSS. RSS humhesabia kila kibarua memori wanayotumia kwa pamoja, na jumla yake hutisha bure.)

Wanaosema "rekebisha kwanza" wana hoja nzuri hapa. Punguza vibarua wawe 6. Ombi likichukua sekunde 0.2, vibarua 6 wanamaliza maombi 30 kwa sekunde, na tovuti ndogo inayofikia maombi 30 ya PHP kila sekunde si ndogo tena. Wanaozidi watasubiri kwenye foleni kidogo, jambo lililo bora kuliko hifadhidata kuuawa.

Lakini badilisha sharti moja tu. Ukurasa ule ule uwe unaita huduma ya nje, labda ya malipo, na kusubiri jibu sekunde 3. Vibarua 6 sasa wanamaliza maombi 2 kwa sekunde, na prosesa imekaa bure. Foleni inakua, tovuti inaonekana imekufa, na dawa inayopatikana leo, kabla msimbo haujaandikwa upya, ni kuongeza vibarua. Vibarua wanataka memori. Hapo kung'ang'ania gigabaiti 1 si ustadi.

Kwa hifadhidata mambo ni mafupi zaidi. innodb_buffer_pool_size, yaani memori ambayo MariaDB hutumia kushikilia data yake (buffer pool), huja ikiwa megabaiti 128. Kama data yako yote ni megabaiti 90, kuiongeza hakukupi kitu. Kama sehemu inayoguswa kila siku ni megabaiti 600, kila swali zito litaenda kugonga diski, na utaliona hilo kwa kulinganisha kasi ya Innodb_buffer_pool_reads (usomaji uliolazimika kwenda diski) na ile ya Innodb_buffer_pool_read_requests (maombi yote ya kusoma). Hakuna usanii wa mipangilio utakaoingiza 600 ndani ya 128. Nunua.

Uvujaji ni kesi nyingine, na ndiyo pekee ninayokataa kabisa kuongeza. Mchakato unaonenepa saa hadi saa bila watumiaji kuongezeka utaimaliza gigabaiti ya pili kama ulivyoimaliza ya kwanza. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeongeza memori hapa anajenga ukuta huku ufa ukiwa pale pale. Mpaka kosa lenyewe lipatikane, pm.max_requests inaweza kumstaafisha kibarua baada ya maombi kadhaa. Isipowekwa huwa sifuri, maana yake hastaafu kamwe.

Hoja moja ya upande wa kununua hupuuzwa na sisi tunaopenda kupima: saa za mtu zina bei. Kama nyongeza ya mwezi ni ndogo kuliko malipo ya nusu siku ya fundi, kuongeza sasa na kuchunguza baadaye ni uamuzi wa akili. Sharti langu ni kwamba namba zirekodiwe kabla na baada, la sivyo hutajua ulichonunua. Angalia pia kama unaweza kurudi: kuna watoa huduma ambao wakikupanulia na diski hawakurudishi tena kwenye daraja la chini.

Na mipangilio haijipandishi yenyewe. Aliyehamia gigabaiti 2 akaacha buffer pool kwenye 128 na vibarua wale wale, sehemu kubwa ya nyongeza yake itaingia kwenye kache ya faili. Wiki mbili baadaye akiandika tena free -h, chini ya "free" atakuta zimebaki megabaiti 61 au karibu na hapo.