Umeungua? Acha dawa ya meno, leta ndoo

Kila kijiwe cha bodaboda Dar es Salaam kina madaktari wake. Abiria akishukia upande wa kulia, kigimbi kikagusa eksozi, kabla hajamaliza kupiga yowe ameshaandikiwa tiba tatu: mmoja anasema dawa ya meno, mwingine ute wa yai, na wa tatu, ambaye ndiye ananikera kuliko wote, anaonya kwa sauti: "Dada, usitie maji! Yatatoa malengelenge!"

Malengelenge hayaletwi na maji. Yanaletwa na joto lililokwisha kuingia kwenye ngozi, ila huchukua muda kujitokeza, na kufikia hapo aliyemwagia maji ndiye anayebebeshwa lawama. Ukweli ni kwamba mguu ukishatoka kwenye chuma, ngozi inaendelea kuungua kwa ndani. Ukipaka dawa ya meno utasikia ubaridi wa minti ukadhani umepona. Joto limebaki palepale, na dawa yenyewe inakauka ikagandamana na ngozi. Kesho yake nesi anaanza kazi ya kuibandua, na wewe unaanza kulia upya. Yai bichi ni balaa jingine, maana linaweza kuwa na bakteria na wewe unalipaka kwenye ngozi iliyo wazi.

Kinachotakiwa ni maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si barafu, kwa sababu barafu nayo inaua ngozi. Na hata ukichelewa kufika nyumbani, ndani ya muda wa saa 3 maji bado yana faida, kwa hiyo usiseme "basi tena".

Lakini hapa nina ugomvi na vipeperushi vya afya. Vinaandika "weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka", kana kwamba mwandishi wake hajawahi kukaa mtaa wenye mgao. Ndoo moja inatosha. Kaa kwenye kigoda, weka beseni chini ya mguu, mwagia taratibu kwa kopo, kisha chota yaleyale ya kwenye beseni urudie. Yakianza kuwa vuguvugu, badilisha. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa kupoza, mradi mwishoni usuuze kwa maji safi. Kama kilichoungua ni mkono, vua pete na bangili mapema, kwa sababu ukishavimba utatafuta msumeno.

Baada ya hapo funika kwa gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyopakwa mafuta ya mgando, au kitambaa safi kilichopigwa pasi. Pamba usiiweke moja kwa moja, nyuzi zake zinanasa. Lengelenge liache, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote zilizoko dukani. Kama eneo lililoungua linazidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au ni mtoto mdogo aliyemwagikiwa uji, poza kwa maji halafu nenda zahanati.

Msinielewe vibaya, siko hapa kucheka dawa za bibi. Kule Banjul, Gambia, wodi ya watoto ya hospitali ya Royal Victoria imewahi kutumia papai lililopondwa kwenye vidonda vya moto, likibadilishwa kila siku, na madaktari wakaandika kwamba linasaidia kuondoa nyama iliyokufa. Asali nayo imefanyiwa utafiti mwingi, na kwenye majeraha ya moto yasiyo ya kina inafanya vizuri. Lakini hayo ni matibabu ya kidonda kilichokwisha pozwa na kusafishwa. Asali ya chupa inayouzwa dirishani mwa basi, ambayo huenda nusu yake ni sukari iliyochemshwa, hiyo weka kwenye chai.

Kuna tabia nyingine tumeizoea mno: kufungua kapsuli ya antibiotiki, ile ya rangi mbili, na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Kidonda kinakauka juu, gaga linajenga, kila mtu anafurahi, kumbe chini usaha unachimba. Baada ya siku kadhaa mtoki unasimama kwenye kinena ndipo tunashtuka. Kidonda kidogo kinahitaji kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni pembeni yake. Ukitaka ya chumvi, weka kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, kwa nusu lita. Na tafadhali msinipeleke baharini. Najua wazee wa pwani walisafisha vidonda kwa maji ya bahari, ila enzi zao Mto Msimbazi haukuwa unashusha maji ya vyoo baharini kama sasa.

"Kiache kipate hewa" nayo imepitwa na wakati. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi mpya karibu mara mbili kwa haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Kwetu hewa yenyewe ina vumbi na nzi. Tatizo letu ni jasho: plasta ya nailoni mwezi wa Machi inageuza ngozi kuwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa. Basi tumia gozi nyepesi, na ibadilishe kila siku, au mara tu inapolowa.

Vitabu vinasema dalili ya kuoza ni wekundu. Kwenye ngozi yangu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto kuliko pembeni? Ngozi imevimba, inang'aa, imekuwa nyeusi zaidi? Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua? Ukiwa na homa juu yake, usilale nyumbani. Mwenye kisukari asisubiri hata hayo yote.

Halafu pepopunda. Watu wanaogopa kutu, lakini vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo hata mwiba msafi wa shambani unaweza kukuletea. Watoto wanachanjwa kliniki, akina mama wanachanjwa wakiwa wajawazito. Fundi wa kuchomelea mwenye miaka 40 mara nyingi hajachanjwa tangu utotoni, naye ndiye anayeshinda na vidonda mikononi. Kaka, ukipita kituo cha afya, waulize chanjo ya pepopunda hata kama siku hiyo huna kidonda.