Umeme kwa Ardhi ni sifuri!
Kinachoudhi kwenye katuni ya Pokémon ni kuvunja kanuni zake yenyewe. Kila kiumbe wa Pokémon ana aina, yaani asili ya nguvu zake. Onix, lile joka la mawe, ana aina mbili: Mwamba na Ardhi. Kwenye gemu, umeme ukimpiga kiumbe wa aina ya Ardhi, madhara yake yanazidishwa kwa 0. Si kidogo, ni sifuri. Rusha radi mara 100, hapungui hata chembe. Sasa tazama Pikachu, yule wa umeme, alivyopambana naye kwenye jimu (ukumbi wa mapambano) ya Brock, mwenye Onix huyo, kwenye katuni mwaka 1997: cheche zinawasha moto, mabomba ya darini yanamwaga maji, Onix analowa chapachapa, na ghafla umeme unamwingia! Maji yanamuumiza kweli, tena mara 4, kwa sababu aina zake zote mbili ni dhaifu kwa maji. Lakini kulowa hakumvui aina yake ya Ardhi. Wangeacha maji yenyewe yammalize, tungeelewa. Baadaye Rhydon, naye wa Ardhi na Mwamba, akaangushwa kwa umeme uliolengwa kwenye pembe. Pembe! Halafu mtoto aliyejifunzia hapo anaingia kwenye gemu na mbinu hiyohiyo, pigo halina athari, zamu imeshapotea.